Mistari ya giza mchana, mistari inayong'aa usiku: projekta tatu kwenye ukuta mmoja

"Shikamoo mtaalamu. Niko Mwanza, tunaandaa onyesho la ziwa kwenye ukumbi mmoja Ilemela. Tumefunga projekta tatu za 1920 kwa 1080 darini, zinarusha picha moja ndefu kwenye ukuta uliopinda kidogo. Kila mbili zinapandana kwa asilimia 20. Programu nimeandika mwenyewe kwa OpenGL (maktaba ya kuchora picha kwa kadi ya michoro): kamera tatu, kila moja na projekta yake. Naburuta pembe nne za kila picha mpaka zikae sawa, na kingo nazififisha kwa uzito, yaani namba ya kuzidishia rangi, unaojumlisha 1 kwa picha mbili zinazopandana. Tatizo, kwenye matukio ya mchana kunatokea mistari miwili ya giza pale picha zinapopandana. Nikiweka tukio la usiku, wavuvi wa dagaa na karabai zao, palepale panang'aa. Daraja la Kigongo–Busisi linavunjika ndani ya picha na kuonekana mawili kwenye maungio, na nikilirekebisha asubuhi, jioni limehama. Kamera ikigeuka, picha ya kushoto inakuwa na mwanga tofauti na ya katikati. Nimebadilisha mchoro wa kufifisha mpaka nimechoka. Mwenzangu anasema projekta ni za bei rahisi, tununue nyingine. Kosa ni la projekta au la programu yangu?"

Marahaba. Kwanza mwambie mwenzako asitoe hela bado. Katika yote uliyoyaeleza, ni moja tu linalogusa ubora wa projekta, na hata hilo lina dawa ya bure inayokufikisha mbali. Mengine yako kwenye programu yako na kwenye menyu za projekta, na moja nashuku liko kwenye paa.

Kitu kimoja ulichokisema kinanipa matumaini: giza mchana, mng'ao usiku, mahali palepale. Watu wengi wakiona hivyo hudhani mfumo umechanganyikiwa. Kumbe ndiyo dalili safi kuliko zote, maana kosa moja haliwezi kupunguza mwanga na kuuongeza kwa pamoja. Una magonjwa mawili yanayoishi nyumba moja, na kila ukitibu moja kwa kugusa mchoro wa kufifisha unalichokoza la pili. Ndiyo maana umechoka.

Tuanze na giza la mchana. Watu huzifikiria picha mbili zinazopandana kama mabati mawili, la juu limefunika la chini. Mwanga haufuniki, unajumlishwa. Wewe hilo umelielewa, ndiyo maana uzito wako unajumlisha 1. Swali ni: 1 ya nini? Umejumlisha namba, ukuta unajumlisha mwanga, na hivyo ni vitu viwili. Ukituma 255, namba ya juu kabisa ya rangi, projekta inatoa mwanga wake wote. Ukituma 128, ambayo ni nusu ya namba, hupati nusu ya mwanga. Projekta inaichukua hiyo 0.5 na kuipandisha kwa kipeo cha takriban 2.2, ile tunayoiita gama, na jibu ni kama 0.22. Katikati ya ungio kila projekta imepewa uzito wa 0.5: huku 0.22, huku 0.22, jumla 0.44. Ulitegemea mwanga kamili, umepata chini ya nusu. Mchoro wowote utakaouchora, uwe wa mstari mnyoofu au wa mawimbi, kama unajumlisha 1 kwenye namba utapungukiwa kwenye mwanga. Unachobadilisha ni sura ya giza tu.

Dawa ni kufanya kazi ya kufifisha kwenye mwanga halisi. Ndani ya sheda ya mwisho (programu ndogo ya kadi ya michoro inayokokotoa rangi ya kila pikseli), chukua rangi, ipandishe kwa kipeo cha 2.2, izidishe kwa uzito, kisha isimbe tena, yaani irudishe kuwa namba ya kutuma, kwa kipeo cha 1 gawa kwa 2.2 ndipo itoke. Nyeupe iliyo katikati ya ungio itatoka ikiwa 0.73, yaani 186 badala ya 128. Piga hesabu kwa mkono: 0.73 kwa kipeo cha 2.2 ni nusu, na nusu mbili ni moja.

Hapo pana mtego. Ukiwasha GL_FRAMEBUFFER_SRGB na fremubafa yako (kumbukumbu inayoshika picha ya kutoka) ni ya sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini, kadi ya michoro inasimba yenyewe wakati wa kuandika. Ukiwa umeshasimba ndani ya sheda, kazi inafanyika mara mbili na picha nzima inapauka kama iliyomwagiwa maziwa. Chagua njia moja, nyingine uizime. Na kama unahifadhi mwanga halisi kwenye bafa ya kati kabla ya kuupinda, usitumie biti 8 kwa kila rangi, kwa sababu sehemu za giza zitakatika ngazi ngazi, na wewe una usiku wa ziwa humo. Tumia biti 16 za desimali.

Sasa, 2.2 ni makadirio. Projekta yako ikiwa kwenye hali ya "Dynamic" au "Bright", inafuata mchoro wake yenyewe. Huna haja ya kifaa cha kupimia. Chora kisanduku chenye mistari ya mlalo ya pikseli moja moja, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi. Kwa kuwa nusu ya mistari inawaka, kisanduku hicho kinatoa nusu kamili ya mwanga bila kujali gama. Pembeni yake weka kisanduku cha kijivu kitupu. Rudi nyuma mpaka mistari isionekane tena, fumba macho nusu, halafu mtu wa kwenye kibodi apandishe na kushusha kijivu mpaka visanduku viwili vifanane. Vikifanana kwenye 186, gama yako ni 2.2. Vikifanana kwenye 170, ni takriban 1.7, na hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye sheda kwa projekta hiyo. Rudia kwa nyekundu peke yake, kijani peke yake na bluu peke yake, na kwa kila projekta. Kipimo hiki kinataka pikseli ya kompyuta itue kwenye pikseli ya projekta, kwa hiyo zima upindaji wako wote, na zima pia marekebisho ya umbo yaliyo ndani ya projekta, la sivyo mistari itachanganywa na jibu litakuwa uongo.

Ukiwa kwenye menyu hizo, malizia kabisa. Zote tatu ziwe kwenye hali moja ya picha, ikiwezekana ile inayoitwa sRGB au Cinema. Zima kila kitu chenye "auto": mwanga wa otomatiki, shata inayojifungua na kujifunga yenyewe, marekebisho ya umbo ya otomatiki. Angalia kiwango cha chini na cha juu cha namba za rangi kwenye HDMI, kwa sababu projekta moja ikisoma 0 hadi 255 na jirani yake ikasoma 16 hadi 235, hakuna sheda itakayowapatanisha. Halafu kuna ujanja wa projekta za DLP (zinazotumia vioo vidogo sana) za bei nafuu: gurudumu lao la rangi huwa na kipande cheupe cha kuongeza mwanga, hivyo nyeupe inang'aa kuliko jumla ya nyekundu, kijani na bluu. Ikiwa hivyo, hesabu ya kujumlisha inavunjika kwenye rangi za mwanga mkali, hasa mawingu. Kwenye menyu mara nyingi huitwa BrilliantColor au jina la kufanana. Ishushe hadi chini kabisa. Utapoteza mwanga kiasi. Ukumbi wako funga mapazia.

Usiku ni kesi nyingine, na hapa mwenzako ana robo ya hoja. Projekta ikitumiwa sifuri haizimi, kuna mwanga unaovuja. Sehemu yenye projekta moja inapata mvujo mmoja, sehemu ya kupandana inapata miwili. Uzito wako hauwezi kuugusa mvujo huo, maana sifuri ukizidisha kwa chochote ni sifuri. Hakuna namba ya kutuma itakayoondoa mwanga ukutani. Kwa hiyo ukiona mtu anashusha uzito wa kingo ili usiku ukae vizuri, ujue anauharibu mchana bila kuutengeneza usiku.

Kinachowezekana ni kinyume chake: kuinua giza la sehemu zisizopandana lifikie kiwango cha ungio. Chukulia mvujo ni elfu moja ya mwanga kamili. Kuongeza kiasi hicho, ukishakisimba kwa gama ya 2.2, ni kama 11 kati ya 255. Kwenye sheda, bado ukiwa kwenye mwanga halisi, toa matokeo kuwa b jumlisha (1 toa b) mara picha mara uzito, ambapo b ni sifuri ndani ya ungio na ni kiwango cha mvujo nje yake. Tafuta b kwa macho: ukumbi giza totoro, ukuta mzima sifuri, kaa dakika kadhaa mpaka macho yazoee, ndipo uipandishe taratibu hadi mpaka wa ungio upotee. Mpaka wa b uwe mkali, usiufifishe, kwa kuwa mvujo wenyewe unaishia kwa ukali kwenye ukingo wa picha. Gharama yake ni kwamba usiku wako wote sasa ni mweusi wa kijivu.

Ukiona kijivu hicho kinaua tukio, kuna njia ya zamani inayotumika hata kwenye kumbi za kuonyesha nyota na sayari: kipande cha bati jembamba kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kinasimamishwa mbele ya lenzi kwa umbali kidogo, kikikata ukingo wa mwanga. Kwa kuwa kiko karibu na lenzi, kivuli chake hakina ukali, kinafifia chenyewe, na kwa kuwa kinazuia mwanga wenyewe, mvujo nao unapungua. Kinahitaji subira ya kusogeza milimita kwa milimita, na ukishakiweka uzito wa kwenye sheda lazima upangwe upya. Usitumie karatasi ngumu, na usikigusishe lenzi wala kuziba matundu ya hewa; joto pale si la mchezo.

Njia ya tatu ni kulibadilisha tukio lenyewe, na hii ndiyo ningeanza nayo. Utashawishika kuweka mbalamwezi ili maji yasiwe meusi. Usifanye hivyo. Dagaa wa karabai huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, na mzee yeyote wa Igombe atakayeingia ukumbini ataliona hilo kabla hajakaa. Weka badala yake ukungu mwembamba juu ya maji, mng'ao wa karabai ukisambaa kwenye viwimbi, na mwanga hafifu wa mji upande wa nchi kavu. Kiwango cha chini kabisa cha picha kikipanda juu ya mvujo, ungio halina pa kujionyesha. Projekta zenye utofauti mkubwa kati ya nyeupe na nyeusi zingekusaidia hapa tu, na hata hizo huvuja.

Daraja sasa. Umechagua kipimo kizuri bila kujua: kitu kirefu na kilichonyooka hakisamehe. Kule kuvunjika ndani ya picha moja, mbali na ungio, kunatokana na jinsi unavyoburuta pembe. Umbo lako la pande nne linachorwa kama pembetatu mbili. Pembe ukizisogeza zikawa si mstatili tena, kadi ya michoro inakadiria nafasi za tekscha (picha inayobandikwa juu ya umbo) ndani ya kila pembetatu kivyake, na zinapokutana kwenye mshazari pana mkunjo. Kadi inajua kurekebisha mtazamo, ila kwa kugawanya kwa w, namba ya nne ya kila nukta, na wewe umeipa w ya 1 kwenye nukta zote. Piga homografia, yaani matriki ya 3 kwa 3 inayopatikana kwa jozi nne za nukta, kisha itume kila nukta ikiwa na w yake halisi, x na y zikiwa zimezidishwa nayo. Mkunjo utatoweka siku hiyohiyo.

Hata hivyo homografia ni ya ukuta bapa, na wako umepinda. Hapo unahitaji wavu: picha igawanywe kwenye vyumba vidogo, kila fundo lisogezwe peke yake. Kwa mpindo mdogo, wavu wa mafundo 17 kwa 9 unaweza kutosha kwa mkono. Ukitaka uhakika, tumia kamera iliyosimama kwenye stendi na michoro ya msimbo wa Gray (mistari myeusi na myeupe inayoipa kila safu namba yake): kwa safu wima 1920 unahitaji michoro 11, kwa safu mlalo 1080 nyingine 11, na ukirusha kila mmoja pamoja na kinyume chake ni picha 44 kwa kila projekta. Kila pikseli ya kamera inajua ni pikseli gani ya projekta iliyoiangaza. Na daraja kuonekana mawili kwenye ungio, mpaka uwe na wavu huo, litafute hivi: projekta ya kushoto irushe gridi nyekundu, ya katikati irushe gridi ileile kwa kijani na bluu kwa pamoja. Zinapolingana mistari ni nyeupe. Zisipolingana utaona nyekundu ikichungulia upande mmoja, na utajua usogeze wapi.

Uzito nao usiukokote pamoja na pembe za picha. Ukishapinda, eneo la kupandana si mstatili tena. Kwa kila nukta ya ukuta, pima umbali wake hadi ukingo wa karibu wa kila projekta inayoifikia, na ugawanye umbali wa kila moja kwa jumla yao. Hapo jumla ni 1 hata ungio likiwa na umbo la ajabu.

Mwanga kubadilika kamera ikigeuka: karibu nina hakika umewasha ekspozha ya otomatiki, yaani kamera kujipangia yenyewe kiasi cha mwanga. Kila kamera inapima mwanga wake. Ya kushoto ikiona anga inajipunguza, ya katikati ikiona mawe na miti inajiongeza, na maungio yanajitangaza. Ipime mara moja kwa zote tatu, au ifunge. Chunguza pia ukungu wa mng'ao kwenye taa, vivuli vya pembeni mwa vitu na giza la kingo za picha, kwani vyote vinahesabiwa kwa kutazama pikseli za jirani, na kamera haioni jirani zilizo nje ya fremu yake. Kwa ukuta kama wako ningechora turubai moja pana, nikaweka madoido yote juu yake, ndipo nikakata. Kwa kupandana kwa 20%, kila ungio ni pikseli 384, turubai ni 4992 kwa upana, na vipande vinaanzia 0, 1536 na 3072. Kadi yako ikilemewa, baki na kamera tatu ila ipe kila moja ukingo wa ziada unaokatwa baada ya madoido.

Na kule kuhama jioni? Umesema projekta ziko darini. Kama zimeshikwa kwenye mbao za paa, jua la Mwanza likipiga mabati mchana kutwa paa linatanuka, jioni linarudi. Projekta iliyo mita 5 kutoka ukutani ikiinama kwa sehemu ya kumi tu ya digrii, picha inasogea karibu milimita 9. Kama kila picha ina upana wa mita 3, hizo ni pikseli 5 au 6, zinatosha kabisa kulifanya daraja liwe mawili. Hakuna wavu utakaoshinda paa linalotembea. Zihamishie kwenye boriti ya zege au mabano ya ukutani, ziwashe nusu saa zipate joto kabla ya kupanga, na panga saa ileile ambayo wageni watakuja. Umeme ukikatika, hakikisha uliporudi kompyuta haijabadilisha mpangilio wa projekta. Wavu wa kushoto ukienda kwenye projekta ya kulia utadhani kila kitu kimeharibika. Yafunge mafaili ya upangaji kwenye namba ya utambulisho ya projekta yenyewe, yasifuate mpangilio wa kuwaka. Na wakati wa wale wadudu wa ziwani funga madirisha, vichujio vya hewa vikiziba projekta inapata joto na mwanga wake unashuka.

Kazi ya kuhamisha projekta juu ya vichwa vya watu, usiifanye wewe na ngazi ya kuazima. Tafuta fundi anayefunga vyombo kwenye kumbi, aweke bolti za zege na mnyororo wa usalama, na fundi umeme atazame laini. Mwite mtu mwenye kifaa cha kupima rangi kama baada ya kipimo cha mistari projekta moja bado inatoa gama tofauti sana kwa nyekundu na bluu, au kama weupe wake una rangi ya waridi au kijani ambayo menyu haiondoi. Hapo huenda taa au gurudumu la rangi limechoka, na hilo ndilo litakalokuwa sababu halali ya kununua, tena moja tu.

Anza na sheda na kipimo cha mistari, vinafanyika jioni moja. Likibaki tatizo, niandikie na unitumie picha tatu zilizopigwa kutoka sehemu moja, simu ikiwa imefungwa ekspozha: ukuta mweupe mtupu, ukuta mweusi mtupu, na gridi za rangi mbili kwenye ungio la kushoto.